Kifua cha Kuazima

Barua ilifika saa nne asubuhi, Msusi akiwa na kichwa kimoja mkononi na viwili kwenye foleni. Aliipokea kwa meno, maana vidole vyote kumi vilikuwa na kazi, akaikalia kama kuku anavyokalia mayai, kisha akaendelea na habari ya mwanamke wa ghorofa ya tatu aliyenunua pazia refu kuliko dirisha lenyewe. Lakini sebule nzima ilikuwa imeshaiona nembo kwenye bahasha. Na katika jengo lile la wageni watupu, bahasha yenye nembo si kitu cha kukaliwa.

"Fungua, bwana," alisema Mama Pacha, jirani wa mlango wa pili, nusu ya kichwa chake ikiwa imesukwa na nusu imesimama kama manyoya ya paka aliyeona mbwa. "Huenda ni vibali. Tupige vigelegele mapema, koo langu leo liko sawa."

"Vibali haviji kwa bahasha nyembamba."

"Nani kakwambia?"

"Bahasha yenyewe. Imeinamisha kichwa."

Hakuifungua mpaka mteja wa mwisho aliposhuka ngazi. Aliingia nayo jikoni, akaisoma kwa kidole, maana ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya wenyeji, tena ile ya ofisini isiyojua utani. Mara ya kwanza alielewa jina la mumewe. Mara ya pili akaelewa kifua kikuu. Mara ya tatu kidole kikagota kwenye neno sugu, na sentensi iliyofuata ikamweleza bila huruma kwamba vidudu hivi vimeshazizoea dawa za kawaida, hazifui dafu mbele yao, na kwa hiyo kesho saa mbili asubuhi muuguzi atafika nyumbani kuanzisha dozi ya miezi sita, mgonjwa akimeza vidonge mbele ya macho yake.

Msusi akakaa juu ya ndoo ya maji. Angelia, ila hakujua amlilie nani. Barua ilisema mumewe anaumwa, na mumewe hakuwa ametia mguu katika chumba cha eksirei hata siku moja.

Mambo yalianza na koti. Lilikuwa koti la kijivu la mtumba, kifungo chake kimoja cha kijani maana cha asili kilidondoka. Mumewe, ambaye jengo zima lilimwita Fundi kwa sababu ya kazi yake ya kupiga vigae, alilinunua mwaka wao wa kwanza ugenini, akalivaa kwenda Uhamiaji, akarudi na muhuri. Tangu siku hiyo koti halikukaa kabatini. Kila aliyeitwa ofisini alibisha hodi: "Shemeji, naomba koti." Wanene walilivaa bila kulifunga, wembamba wakalivaa juu ya sweta mbili. Lilifuatana na viatu vya mtu wa ghorofa ya pili, na mkoba wa ngozi wa Mama Pacha, na miwani isiyo na nguvu iliyomfanya yeyote afanane na mwalimu. Hakuna aliyeona aibu. Kuazimana ndiko kulikowashikilia mjini.

Basi fomu za vibali vya kudumu zilipodai picha ya kifua, na Fundi ana miaka kumi na mmoja ya kukata vigae, na kila asubuhi anakohoa kama lori lisilotaka kuwaka, angefikiria nini mtu kama yule? Alifikiria nani mwenye kifua kizuri cha kuazima.

Na mwenye kifua alikuwa humo humo ndani. Fahali, mdogo wake, alibeba friji ngazini peke yake katika kazi yake ya kuhamisha samani za watu. Yeye na kaka yake walifanana kama shilingi kwa ya pili, ila shilingi hii ya pili ilikuwa imenenepeshwa. "Kifua tu, kaka?" alisema. "Chukua." Akavaa koti, akachukua kitambulisho cha Fundi, akapigwa picha. Wiki moja baadaye wakaita tena, wakataka makohozi kwenye kichupa. Akaenda tena huku akicheka, akasema wazungumzaji wote wa nyumba ile hawajawahi kusikilizwa kama yalivyosubiriwa makohozi yake.

Sasa Msusi, juu ya ndoo, akaanza kuunganisha. Mkanda wa Fahali ulikuwa umeingia matundu mawili. Shuka zake zilianikwa kila asubuhi. Chakula alikuwa anakiacha. Na nani aliyeieleza sebule nzima kuwa ni mapenzi yanamkausha? Nani aliyemtaja mpaka msichana mwenyewe, muuza viatu wa pale kona, ambaye maskini hakuwa na habari?

"Mdomo wangu huu," Msusi aliiambia ndoo.

Fundi na Fahali walirudi saa kumi na moja jioni, mmoja mweupe kwa vumbi la vigae, mwingine na mkanda wa kubebea makabati begani. Watoto wawili walipelekwa kwa Mama Pacha na madaftari yao, jambo lililomfanya Mama Pacha aweke sikio ukutani papo hapo.

"Nani anaumwa?" aliuliza Fundi, akiigeuzageuza barua.

"Kwa karatasi, wewe. Kwa mwili, shemeji yangu."

Fahali ndiye aliyeanza kucheka. Akacheka tena, kidogo zaidi. Halafu kicheko kikaingia njia ya kikohozi, kikakaa huko muda mrefu kuliko walivyopenda.

"Mimi? Juzi nimebeba piano!"

"Ukaishia kukaa ngazini nusu saa unahema. Dereva wenu kaniambia."

"Dereva wetu kakwambia wewe? Umemjulia wapi?"

"Kila mtu huniambia, shemeji. Usibadilishe mada."

Fundi aliweka barua mezani, akailainisha kwa kiganja kama kigae kipya. "Tuseme nikienda mwenyewe," alisema taratibu. "Nikapigwa picha yangu. Mimi langu ni vumbi tu. Watasema, ah, tulikosea. Vibali vyetu vinne vinatoka. Yamekwisha."

"Na yeye?"

Fahali hakuwa na karatasi hata ya kuwashia jiko. Ruhusa yake ya kukaa iliisha zamani, na tangu hapo hajawahi kuingia jengo lenye bendera mlangoni isipokuwa kwa jina la kaka yake.

"Kaka kasema vizuri," alisema Fahali, akitazama mikono yake. "Fanyeni hivyo. Watoto wasome kwa amani. Mimi nitatafuta dawa ya kikohozi ya chupa."

"Nyamaza."

"Nasema tu—"

"Nimesema nyamaza! Sikuja na mdogo wangu nchi za watu ili afe kwa siri na mimi nibaki na muhuri." Fundi akasimama, akakaa, akasimama tena. "Tutafanya hivi. Muuguzi anamtaka mwenye jina? Atampata. Nitakaa kwenye kiti, nitatia vidonge mdomoni, nitavibana shavuni. Akigeuka tu, navipitisha kwa Fahali nyuma ya pazia la jikoni. Ugonjwa wake atapona, jina langu litapona, kila mtu na chake."

"Miezi sita unabana shavu?" aliuliza Msusi.

"Nimebana misumari mdomoni miaka kumi na mmoja."

Wakafanya mazoezi kwa maharage mabichi. Msusi alikuwa muuguzi, kachukua miwani isiyo na nguvu, kaivaa. Fundi alitia maharage matatu shavuni, akanywa maji, akafungua mdomo, na harage moja likatoka na maji likamgonga Msusi kwenye kioo cha miwani. Fahali alicheka mpaka akashika ukuta. Fundi akacheka, akameza la pili bila kupenda. Kutoka ng'ambo ya ukuta Mama Pacha, asiyejua kinachochekwa, akacheka pia ili asipitwe.

Msusi alicheka kuliko wote, na ndani ya kicheko hesabu yake ilikuwa inakwenda: miezi sita ya maharage.

Muuguzi aligonga saa mbili kamili. Alikuwa mwanamke mfupi wa viatu vya mpira, barakoa usoni, mwenye kutembea kama mtu aliyepanda ngazi nyingi za watu. Kabla ya salamu kuisha alikwenda moja kwa moja kwenye madirisha, akayafungua yote mawili.

"Mgonjwa ni nani?"

"Mimi, Sista," alisema Fundi. Alikuwa amekaa wima kwenye kiti, sebuleni kwake, na koti la kijivu. Mazoea yana taabu. Aliona mtu wa serikali anakuja, mikono ikaenda yenyewe kwenye koti.

Sista aliliangalia koti, akaangalia kifungo cha kijani. Akapanga vidonge mezani. Msusi alihesabu kwa macho. Saba! Wao wamefanyia mazoezi vitatu.

"Kwanza vua koti na shati, baba. Nikusikilize."

Alimsikiliza mbele, akamsikiliza nyuma, akamgonga mgongo kwa vidole viwili kama anayechagua tikiti maji. Kisha akatoa bahasha kubwa, akachomoa picha nyeusi, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Mbavu zikaonekana, na upande wa juu wa pafu la kulia wingu jeupe, kama mtu kapuliza unga. Lakini hata asiyejua kusoma picha za mbavu angeona kitu kingine: begani, juu ya mfupa wa mtulinga, bamba la chuma na skrubu sita, liking'aa kama kijiko.

Fahali aliwahi kudondokewa na kabati. Alishonwa, akatiwa chuma, wakamcheka kuwa sasa ana bawaba kama mlango. Nyumba nzima ilijua. Na nyumba nzima ilikuwa imesahau.

"Chuma hiki, baba," alisema Sista kwa upole, "umekiweka wapi?"

Fundi alijipapasa bega lake, laini kama yai. "Kiliisha, Sista."

"Kiliisha?"

"Kilikuwa kidogo."

Sista alisubiri. Alikuwa hodari wa kusubiri. Fundi akatafuta njia, akaiona, ikiwa wazi kabisa mbele yake. "Basi itakuwa," alisema, "huko hospitali mmechanganya picha."

"Hutokea," alisema Sista. "Wewe kifua chako kina vumbi, nimelisikia, ila si hiki. Basi nitaondoa jina lako, vibali vyako viendelee. Na mimi nitakwenda kumtafuta mwenye chuma. Natumaini nitampata mapema, maana huyu bila dawa hana mwaka."

Akaanza kurudisha vidonge kwenye kikasha. Kimoja. Viwili. Msusi alisimama kwenye mlango wa jikoni, mgongo wake ukigusa pazia, na nyuma ya pazia alisikia mtu akizuia pumzi. Hapo hapo vidonge vilipokuwa, kwenye meza yake, kulikuwa na kila walichohangaikia: vibali vinne, bahasha nene, watoto kusoma bila kushtuka mlango ukigongwa. Ilitakiwa anyamaze tu. Kidonge cha tano kikaingia. Cha sita.

Pazia likakohoa.

"Nani huyo?" aliuliza Sista.

"Paka," alisema Fundi.

Sista akakiweka cha saba, akafunga kikasha, akashika zipu ya mkoba. Ile sauti ya zipu ndiyo iliyomshinda Msusi. Aligeuka, akalivuta pazia mpaka kamba ikakatika, na lote likamwangukia Fahali kichwani, akabaki amesimama kama bibi harusi mwenye mabega ya kubebea makabati.

"Huyu ndiye paka wetu, Sista! Ana chuma begani na jasho la kujaza beseni, na ni shemeji yangu, tumbo moja na huyu mwongo niliyeolewa naye. Mpe dawa zake. Vibali tutaviomba tukiwa hai."

Fahali alijifunua pazia, akavuta ukosi wa fulana. Kovu lilionekana, refu, lenye vitone pembeni kama zipu.

"Na makohozi yale yalikuwa ya nani?" aliuliza Sista.

"Ya paka," alisema Fahali.

Macho ya Sista, juu ya barakoa, yalibadilika. Akavuta kiti akakaa, na Msusi, anayejua watu, akajua kuwa wamepata mtu.

"Sikilizeni. Kazi yangu mimi ni vifua, si vibali," alisema. "Huku mtu aliyeko kwenye dozi hafukuzwi, awe na karatasi asiwe nazo, ndivyo sheria inavyosema, na nitamwandikia barua leo hii. Lakini wewe baba, jina lako limekaa juu ya kifua cha mwenzio, na mimi uongo siuachi kwenye faili. Siku ukiumwa kweli utatibiwa ugonjwa wa mdogo wako. Nenda Uhamiaji kawaambie mwenyewe, kabla barua yangu haijafika. Nakupa mpaka Ijumaa." Akamgeukia Fahali. "Na wewe, paka. Njoo hapa. Fungua mdomo."

Fahali akameza vidonge saba kimoja kimoja. Kila akimeza, koo la Fundi lilipanda na kushuka, na la Msusi vile vile, mpaka cha mwisho, ambapo wote watatu walipumua kwa pamoja kama waliotua mzigo mmoja.

Kisha Sista akatoa karatasi yenye mistari kumi. Alitaka majina ya watu waliokaa chumba kimoja na Fahali kwa saa nyingi katika miezi mitatu iliyopita. "Watu huniambia hawakumbuki," alisema kwa uchovu. "Jaribuni tu."

Msusi alivuta kiti karibu. "Kalamu yako ina wino wa kutosha?"

"Kwa nini?"

"Andika. Jumanne ile ya mvua: mwanamke wa pazia refu, saa tatu mpaka saa saba, misuko myembamba, kakaa kiti hiki hapa, na shemeji alikuwa kwenye kochi kateguka mgongo. Jumatano hakuja mtu, nilikuwa na jino. Alhamisi: dada wawili wa ghorofa ya nne, mmoja kakaa, mmoja kaja kusikiliza tu, mwandike huyo maana kasikiliza saa tano. Ijumaa..."

Sista akaomba karatasi ya pili. Akaomba ya tatu, ya nne, na ya tano. Walifika watu arobaini na watatu, pamoja na saa walizokaa, viti walivyokalia, na nani alikuwa na mimba asiyoitangaza bado. "Hiyo ya mwisho sikuihitaji," alisema Sista.

"Nimekupa bure."

"Mama, nina miaka ishirini katika kazi hii. Sijawahi kupata orodha kama hii."

Msusi, ambaye maisha yake yote aliambiwa kuwa mdomo wake utamponza, alibaki anaitazama ile karatasi kama mzazi anayetazama cheti cha mtoto.

Lakini kuandikwa ni jambo moja na kupigiwa simu ni jingine. Msusi alipowapigia mmoja mmoja, kwa sauti yake mwenyewe, wengine walimkatia. Watu wakaanza kupita mlango wake wamebana pumzi, mashavu yamejaa kama wapiga tarumbeta. Kitana alichokiazimisha kilirudishwa kwenye mfuko wa plastiki, umening'inizwa kwenye kitasa. Viti vya foleni vilikaa vitupu. Mama Pacha alizungumza naye kutoka kwenye ngazi, hatua tano chini.

"Umenitangaza!"

"Nimekuandika wa kwanza, kwa heshima."

"Arobaini na watatu, na mimi ndiye wa kwanza?"

"Nani huingia hapa kuliko wewe? Au unataka nikuandike wa thelathini, kama mpita njia?"

Mama Pacha alilifikiria hilo. Kama mpita njia, hapana. Akaenda kupima, na kwa kuwa hapendi kwenda mahali peke yake, akaburuta watu wa ngazi nzima.

Siku ya Ijumaa Fundi na Msusi walisimama dirisha la nne, Uhamiaji. Karani alikuwa mzee mwembamba mwenye muhuri uliofungwa kwa mnyororo, kana kwamba ungeweza kutoroka.

"Rudia," alisema. "Kifua kwenye faili hili ni cha nani?"

"Cha mdogo wangu," alinong'ona Fundi.

"Sauti. Kioo hiki kizito."

"Cha mdogo wangu!"

Ukumbi wote ulisikia. "Sisi tunaazima viatu, mwenzetu kaazima mapafu!" alipayuka mtu katikati ya foleni, na watu wakaangua kicheko, hata askari wa mlangoni akageukia ukuta mabega yakimtikisika. Fundi alisimama ndani ya koti la kijivu, jasho likimchuruzika mpaka kwenye ukosi. Msusi alitamani ardhi impasukie. Halafu, Mungu amsamehe, naye akacheka, kwanza puani, kisha kabisa, na alipomtazama mumewe akaona midomo yake inampiga chenga.

"Nimeona walioazima ndoa," alisema karani. "Nimeona walioazima umri. Mapafu ni mara ya kwanza." Hakuwa anacheka. "Kwa nini umekuja kusema? Ungesema hospitali imechanganya, nani angejua?"

"Nilisema, mzee. Mke wangu akavuta pazia."

Karani aliandika muda mrefu. Faili litarudi mkiani mwa foleni. Picha mpya za watu wote wanne, na atakayepigwa atapigwa mbele ya shahidi. Uongo mwingine mmoja, hata wa tarehe, wafunge mizigo. Mpaka hapo, muhuri wa muda. Akaupiga kwa nguvu mpaka mnyororo ukalia.

Nje kwenye ngazi Fundi alivua koti, akalipunga kama anayelipoza. "Nimeaibika mpaka nikapona," alisema.

Miezi sita ni mingi kwa anayemeza. Wiki za kwanza Fahali alikaa peke yake katika chumba cha watoto chenye dirisha kubwa, barakoa usoni, na chakula alikula ameutazama mlango. Msusi alikipaka kikombe chake rangi nyekundu ya kucha, chini, ili kisichanganyike, mpaka Sista alipokiona akamwambia ugonjwa huu unapita kwenye hewa, si kwenye kikombe, afungue dirisha aache kuchora vyombo. Msusi aliikwangua rangi usiku uleule kwa aibu. Vidonge vilimchoma Fahali nyayo kama anayetembea juu ya sindano, mdomo ukawa na ladha ya chuma. "Kile cha begani kimepanda," alisema.

Kila asubuhi Sista alikuja, na kila asubuhi alikaa dakika tano zaidi ya jana, maana habari za jengo lile zilikuwa hazimaliziki.

Watoto walitoka salama. Msusi salama. Fundi alikutwa na vumbi, akaambiwa akate vigae vikiwa na maji na avae barakoa, kitu ambacho Msusi alikuwa amemwambia kwa miaka kumi na mmoja bure. Katika wale arobaini na watatu, wawili walikuwa na vidudu vilivyolala. Mmoja alikuwa Mama Pacha. Akapewa dawa ya kinga, na kuanzia siku hiyo alimwita Fahali "mgonjwa mwenzangu" na kumsalimia kwa kumuuliza nyayo. Alipokuwa wa kwanza kurudi kwenye kiti cha kusukwa, dirisha wazi, upepo ukimpeperusha, ngazi nzima ilirudi nyuma yake.

Majibu yalipoonyesha makohozi safi, Fahali aliruhusiwa kukaa na watu. Kubeba bado, daktari alikataza. Basi akakaa sebuleni akimshikia shemeji yake nywele za kuunganisha, kisha akitenganisha, na mwezi wa tano, vidole vile vya kubebea friji vikawa vinasuka mistari iliyonyooka kuliko ya Msusi. Wateja wakaanza kuuliza zamu yake. Mmoja wao alikuwa muuza viatu wa pale kona. Safari hii Msusi hakusema neno. Aliuma ulimi, akatazama dari, akateseka kweli kweli.

Siku aliyomeza kidonge cha mwisho, Sista alipiga makofi peke yake. Mkanda wa Fahali ulikuwa umerudi matundu yote mawili na kuomba la tatu.

Wiki iliyofuata akaenda dirisha la nne, kwa jina lake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Alikuwa na barua ya Sista, na barua ya tajiri wake wa samani aliyemtaka arudi kazini kihalali. Familia nzima ilikaa kwenye benchi nyuma yake. Koti lilimbana, mikono ikaishia kwenye viwiko.

Karani aliinua macho. "Koti hili nalijua."

"Ndiyo, mzee."

"Kifungo cha kijani. Nimeliona mara kumi na moja mwaka huu, kila mara lina mtu mwingine ndani." Akaiinua picha kwenye taa. Mapafu meusi safi, kovu dogo pembeni, na begani kijiko kinang'aa. "Kifua hiki je?"

"Changu, mzee."

"Na chuma?"

Fahali alifungua kifungo cha kijani, akavuta ukosi. Karani akatazama kovu, akatazama picha, akatazama kovu. Kisha akashika muhuri. Mwaka mmoja, wa kufanya kazi. Benchi lote lilisimama, na askari wa mlangoni akaomba watulie, naye mwenyewe akitabasamu.

Bahasha ya Fundi ilikuja mwezi uliofuata, saa nne asubuhi, Msusi akiwa na kichwa kimoja mkononi na vinne kwenye foleni. Hakuikalia. Haikukalika, ilikuwa nene kama mkate. Mama Pacha hakusubiri hata ifunguliwe, alipiga kigelegele kilichoshuka ngazi zote mpaka barabarani, na milango ikaanza kufunguka mmoja mmoja, watu wakaingia bila kuuliza, wengine na sabuni usoni.

Katikati ya kelele hizo kijana mgeni wa ghorofa ya nne, hajamaliza hata mwezi, alisimama mlangoni akijikuna shingo.

"Shemeji, nimeitwa Uhamiaji kesho. Wameniambia hapa kuna koti."

Msusi akalitoa nyuma ya mlango, akalikung'uta, akamvalisha, akamfunga kifungo cha kijani.

"Koti tunakuazima," alisema. "Kifua nenda na chako."